Magimbi ya Mwanyumba Wangu

Mimi na yeye tulioa ndugu wawili. Mimi nilimwoa mkubwa. Yeye, miaka miwili baadaye, akamwoa mdogo. Kwa hiyo tukawa wanyumba, kama waitwavyo wanaume waliooa katika nyumba moja. Mahali pengine wanyumba huonana msibani na arusini tu. Kwetu Uluguru, wakati ule wa Mjerumani, mwanamume alikwenda kukaa kwa mkewe na kulima ardhi ya ukoo wa mkewe, hivyo nilimwona mwanyumba wangu kila siku aliyoileta Mungu. Nyumba yake ilikuwa chini ya yangu kidogo mteremkoni. Nilisikia anapoamka na nilisikia anapocheka.

Naandika wazi kwamba nilimwonea wivu. Sasa mimi ni mtu wa makamo, mambo haya yamepita zamani, na sioni faida ya kuyapamba.

Tulichoshindania kilikuwa bonde. Mama mkwe wetu alikuwa na kipande cha ardhi kando ya kijito, udongo mweusi, maji hayakauki hata kiangazi kikiwa kikali. Magoti yalikuwa yamemshinda, hawezi tena kuteremka. Kaka yake, ambaye wake zetu walimwita mjomba na ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ardhi ya ukoo, alitangaza kwamba kabla ya masika atakuja kulikabidhi bonde kwa mmoja wa mabinti. Mashamba yetu mengine yote yalikuwa kwenye miteremko: mvua ikizidi, udongo unashuka, ikipungua, mahindi yanajikunja. Mwenye bonde alikuwa na uhakika wa kula mwaka mzima. Mimi nilikuwa na watoto watatu, mwanyumba alikuwa na mmoja, na mke wangu ndiye aliyekuwa mkubwa. Kwangu jibu lilikuwa wazi. Kwa mama mkwe halikuwa wazi, na kilicholitia giza ni magimbi.

Gimbi ni chakula chetu cha mlimani tangu hapo. Linapenda maji, lina majani mapana kama masikio ya tembo, na kiazi chake kikiiva vizuri hakuna kinachokishibisha kinywa kuliko hicho. Lakini lisipoiva linawasha. Kwanza ulimi, kisha koo, kisha unajikuta unakuna shingo kwa nje kana kwamba utalifikia. Magimbi ya nyumba yangu yalikuwa yanawasha. Magimbi ya mwanyumba wangu hayakuwasha hata kidogo.

Siku niliyolitambua jambo hili naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimekaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko la mama mkwe, nikimchongea mpini wa jembe. Nyumba zote mbili zilikuwa zimempelekea chakula. Adabu ya wakati ule haikuruhusu mkwe mwanamume kuangaliana uso kwa uso na mama wa mkewe, wala kusemezana naye moja kwa moja. Maneno yalipitia kwa mtu wa katikati, na mama mkwe wetu, mtu wa katikati akikosekana, alimtumia kuku. Nikamsikia anakohoa. Akakohoa tena. Kisha akasema:

"We kuku, hebu mwambie mkwe wangu mkubwa kwamba gimbi lake lina meno. Nimelila, nalo limenila."

Wanawake waliokuwa naye ndani wakacheka.

"Na la mdogo je, dada?" mmoja akauliza.

"La mdogo linashuka lenyewe. Hata sijui limepita saa ngapi."

Mwanyumba wangu alikuwa papo hapo uani anapasua kuni. Akapaza sauti isikike ndani: "Kuku, mwambie mama aseme taratibu. Huyu mkubwa wangu ana kisu mkononi."

Wakacheka zaidi, na mama mkwe akacheka kuliko wote. Mimi niliendelea kuchonga mpini. Niliuchonga mpaka ukawa mwembamba mno, ikanibidi nikatafute mti mwingine.

Ndivyo alivyokuwa mtu yule. Alitoka tambarare, upande wa Ngerengere, mfupi, mabega mapana. Hakujua kusoma. Aliazima kitu changu na kukirudisha baada ya mwezi, akiomba radhi kwa maneno matamu hata ukajikuta unamshukuru wewe. Niliposalimia watu njiani, waliitika na kupita. Aliposalimia yeye, walitua mizigo.

Mimi kabla ya kuoa nilifanya kazi ya reli pale Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kugonga kipande cha chuma kilichotundikwa kwenye mti: kuanza kazi, kupumzika, kuanza tena, kumaliza. Msimamizi wetu, Mgiriki, alinifundisha kusoma saa ili yeye apate kulala mchana. Herufi nilijifunza mwenyewe, kwanza kwenye mabehewa na masanduku, baadaye kwenye katekisimu niliyoazimwa misheni. Reli iliposonga mbele kwenda bara, nilirudi mlimani na saa ya mfukoni yenye kioo kilichopasuka. Mlimani kote, ukiacha misheni, saa ilikuwa yangu peke yangu.

Nilipohamia kwa mke wangu, msitu wa juu ulikuwa umekwisha kuzuiwa na serikali. Askari wa bwana msitu walipita mara kwa mara, na mwanamke aliyekutwa na mzigo wa kuni mbichi alipelekwa kwa akida. Kuni zikawa za kutafutwa chini, mbali, na kupandishwa kichwani. Nikaona nitamsaidia mke wangu. Kule kwenye reli mpishi wetu alichemsha magimbi kwa muda wa saa moja na robo. Nilijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyegonga chuma cha chakula. Nikawa naitundika saa juu ya mlango wa jiko kila magimbi yalipobandikwa, nikamwambia mke wangu: saa moja na robo, basi, moto utolewe, kuni zilizobaki ziwe za kesho.

"Magimbi ya huku yanataka kukaa," alisema.

Nikamwonyesha mshale wa saa. Aliutazama, akanitazama mimi, akageukia mafiga yake. Nilipiga hesabu kwamba kila wiki tuliokoa mzigo mmoja wa kuni, na jambo hilo nililisimulia hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Sasa mtu mwenye akili angeanzia hapo. Mimi sikuanzia hapo. Baada ya siku ile ya kuku nilitafuta siri ya mwanyumba wangu kila mahali isipokuwa jikoni kwangu, na nilitafuta kwa utaratibu, nikiandika katika daftari kwa kalamu ya risasi.

Kwanza niliona kwamba ni mbegu. Siku ya gulio, watu wakiwa wameteremka mjini, niliingia shambani kwake nikachimba shina moja, nikalifukia shimo na kulitandazia majani. Nilimpa mke wangu alipike pamoja na yetu, nikilitia alama ya kovu kwa kisu. Likawasha sawasawa na yetu. Niliandika: si mbegu. Nilipaswa kufurahi kwamba mbegu yake si bora kuliko yangu. Badala yake nilichukia zaidi, kwa kuwa kama si mbegu, basi ni yeye.

Pili, maji. Mke wangu alipopika mchicha alimwaga maji ya kwanza, na mchicha ule haukukwaruza meno kama ule usiomwagwa maji. Nikamwambia afanye vivyo hivyo kwa magimbi, amwage mara mbili. Yakawasha. Tatu, magadi. Yakawa laini na ya manjano, yakawasha. Nne, ndimu kutoka misheni. Yakawa machachu, na yakawasha. Kila mara nilikuwa mimi wa kwanza kuonja, na kila mara niliitoa saa na kupima koo linawasha kwa dakika ngapi. Kwa ndimu zilikuwa pungufu kidogo. Niliona nimekaribia. Yote haya, mbegu, maji, magadi, ndimu, yalichemka kwa saa moja na robo, kwa maana muda ndicho kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho.

"Utajiua koo," mke wangu alisema siku ya magadi.

"Mume wa mdogo wako anatia dawa," nikamjibu. "Hakuna njia nyingine."

"Dawa ya nini?"

"Ya kupendwa."

Akaokota chungu akatoka nacho nje. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mimi nikadhani analia.

Miaka mingi baadaye nilipata kitabu kilichochakaa cha mfamasia, cha Kijerumani, nikakisoma kwa kamusi neno baada ya neno. Ndimo nilimojua kwamba mimea mingi tunayokula ina kitu kiitwacho asidi ya oksaliki. Imo katika mchicha, imo katika birimbi na katika yale majani machachu ya vidole vitatu wanayotafuna watoto shambani, imo hata katika majani ya chai. Katika mchicha nyingi yake huyeyuka, ndiyo maana ukimwaga maji huondoka nayo. Katika gimbi imeshikana na chokaa ikawa sindano ndogo zisizoonekana kwa jicho, zimefungwa mafungu mafungu, na hizo ndizo zinazochoma koo. Maji hayazichukui. Moto wa muda mrefu ndio unaoutuliza ukali wake. Na katika kitabu kingine nilisoma kwamba kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kabla hayajafikia joto la tambarare, kwa hiyo saa moja na robo ya stesheni ya Morogoro haikuwa saa moja na robo ya kwetu. Mke wangu hakusoma vitabu hivyo. Alisema tu yanataka kukaa.

Siri niliipata kwa moshi. Ilikuwa wiki chache kabla ya siku ya kukabidhi bonde. Nilikuwa napalilia mteremkoni juu ya nyumba zetu, na kutoka pale niliona paa la jiko la mwanyumba wangu. Moshi ulikuwa unapenya kwenye nyasi. Sikuwa na sababu ya kuutazama ila kwamba ulikuwa moshi wa kwake. Nikaitoa saa. Nililima mistari yangu, nikatazama, moshi bado. Nikala, nikatazama, bado. Ulikuja kukoma baada ya muda wa saa tano kasoro dakika kumi. Siku ya pili nilitazama tena: saa tano na robo. Jioni ile shemeji yangu alimpelekea mama yake magimbi.

Nilisimama na jembe mkononi nikiwa na hasira kana kwamba nimeibiwa. Hapakuwa na dawa. Hapakuwa na kitu chochote ambacho mwanyumba wangu alikijua na mimi sikukijua. Yeye hakujua hata magimbi yanapikwaje! Alimwachia mkewe, mkewe akapika kama alivyofundishwa na mama yake, yeye akapokea sifa.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kuanzia leo magimbi yakae motoni saa tano.

"Leo ndio umejua?" akasema.

"Ulijua?"

"Baba watoto, mimi nimezaliwa hapa."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukanionyesha saa." Kisha, huku akifunika chungu kwa jani la mgomba, "Nikaona acha niipumzishe shingo yangu, kuni zimepungua."

Nilipata kujua siku ile kwamba kwa muda wote huo yeye na watoto walikula ya kwao kwa mama yake, yaliyopikwa vizuri. Aliyekuwa akiwashwa nyumbani kwangu ni mimi peke yangu, na mama mkwe kila sahani yangu ilipomfikia.

Kwa hiyo jambo likawa limekwisha. Magimbi yetu yaliiva. Mama mkwe aliyala, akamwambia kuku kwamba gimbi la mkwe mkubwa limeng'oka meno. Tulikuwa sawa na mwanyumba, na kwa wingi wa watoto na ukubwa wa mke mimi nilikuwa mbele. Ningetulia hapo ningekuwa na machache ya kuandika.

Lakini niligundua kwamba kuwa sawa hakukunituliza. Mama mkwe aliyasifu magimbi yangu mara moja, kama mtu anavyomsifu mtoto aliyeacha kukojoa kitandani. Ya mwanyumba aliendelea kuyasifu kama kawaida. Na yeye mwenyewe alinijia, akanishika bega, akasema, "Mkubwa, hongera bwana! Nasikia siku hizi chakula chako hakipigani na mtu." Hakuwa na ubaya. Nilichunguza uso wake kwa makini nikitafuta ubaya, sikuuona, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Siku ya bonde mjomba alifika asubuhi na wazee wawili wa ukoo. Desturi ilikuwa kwamba ardhi haikabidhiwi kwa maneno matupu: ukoo wote unashuka kulima kwa pamoja, kisha wanakula chakula cha mabinti, kisha mjomba anasema. Wake zetu walikuwa wamebandika vyungu tangu alfajiri, kila mmoja jikoni kwake, wakachochea moto na kuteremka bondeni na majembe. Mama mkwe alibaki kwake amelaza magoti.

Tulilima. Mwanyumba wangu aliongoza nyimbo, mjomba akaitikia. Mjomba, mzee mkavu ambaye sikupata kumwona akitabasamu, aliitikia kwa sauti na kutikisa kichwa. Nililima mstari wangu ulionyooka kuliko mistari yote na hakuna aliyeutazama. Nikasema napanda kuchukua kinoo, majembe yamekuwa butu.

Njia ya kwenda kwangu inapita mlangoni pa jiko la mwanyumba. Nilisimama pale. Ndani hapakuwa na mtu. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, kinatokota polepole, na chini yake magogo mawili makubwa yanawaka vizuri na vijiti kadhaa. Nilitoa saa nikaitazama. Kilikuwa kimekaa saa moja na dakika ishirini.

Niliingia nikayavuta yale magogo mawili nje ya mafiga, nikayasugua kwenye majivu yakazimika. Vijiti niliviacha viwake, moshi usikome. Sikutetemeka wala sikuharakisha. Nilijiambia kwamba sitii sumu, siharibu chombo, naondoa kuni mbili tu, na kuni nimeziondoa maisha yangu yote. Kisha nikaenda kwangu, nikatazama moto wetu ukiwaka, nikachukua kinoo na kurudi kulima.

Jua lilipokuwa juu, mke wangu alipanda kuchukua chumvi aliyoisahau. Alikawia. Aliporudi alishika jembe akalima bila kuniangalia.

Tulikula uani kwa mama mkwe, yeye akiwa ndani nyuma ya mlango. Wanaume tulikaa upande mmoja. Mjomba alianza na sahani ya shemeji yangu, kwa kuwa ndiyo aliyosikia sifa zake. Yalikuwa yameiva kwa kuyatazama, meupe, yanapasuka. Alikula kipande kizima. Alichukua cha pili, akakitia mdomoni, na hapo akaacha kutafuna. Mkono ukaenda shingoni. Akameza kwa nguvu, akakohoa, akaomba maji, akanywa kata nzima, akakohoa tena mpaka macho yakatoka machozi. Mzee wa pili, aliyekuwa amekwisha kula vitatu, akaanza kujikuna chini ya kidevu.

Shemeji yangu alikuwa amesimama na kata mkononi.

"Yamekaa!" alisema. "Wallahi yamekaa tangu alfajiri!"

Mwanyumba wangu alichukua kipande kikubwa kuliko vyote kwenye sahani, akakila mbele ya watu wote, polepole, huku machozi yanamtoka, akasema kwa sauti iliyokwaruza: "Mjomba, hili gimbi limekaa na Wajerumani. Linakukaba koo kwanza, ndipo linakuuliza kodi umelipa."

Wazee wakacheka wakiwa wanajikuna. Akachukua kipande kingine. Alikula sahani ile yote peke yake ili mtu mwingine asiguse tena, na mkewe akakaa chini akajifunika uso kwa kaniki. Mimi nilikula magimbi ya kwangu, yaliyoiva vizuri sana, na kila nilipomeza nilimtazama yeye. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na hata pale, amevimba midomo, bado watu walikuwa wanamtazama yeye.

Mjomba alipotulia alisema bonde ni la binti mkubwa. Hakutaja magimbi. Alisema ni mkubwa na ana watoto wengi, maneno yaleyale niliyokuwa nimeyapangia hoja kwa muda wote ule. Mke wangu alipiga magoti akapokea.

Tulipofika kwetu, jua lingali juu, aliniita jikoni.

"Nilipita jikoni kwa mdogo wangu leo, nikifuata chumvi."

Nikaitoa saa nikaanza kuifuta kioo.

"Nilikuta magogo mawili yamezimwa. Yamelazwa nje ya mafiga, yamepangwa sambamba, ncha zimelingana." Alionyesha kwa viganja vyake viwili. "Mdogo wangu hapangi kuni. Mumewe hapangi hata miguu yake. Mlima huu wote, nani mwingine anazima gogo kisha analipanga?"

Sikuwa nimefikiri kwamba nimeyapanga. Lakini aliponionyesha kwa viganja nilijua kwamba ndivyo.

"Niliyarudisha motoni," akasema. "Nilichelewa."

"Utamwambia mjomba?"

"Nimwambie nini? Kwamba baba wa watoto wangu anapigana na chungu?" Akaondoka. Nilimwona anapanda njia ya kwa mama yake.

Nilimfuata mpaka nyuma ya ukuta, mahali nilipokuwa nikichonga mipini. Mjomba alikuwa bado ndani anapumzika.

"Bonde ni langu?" mke wangu aliuliza.

"Ni lako, mwanangu," mjomba akajibu. "Umepokea mbele ya watu."

"Likiwa langu naweza kumpa nimtakaye katika ndugu zangu?"

"Wa tumbo moja, unaweza."

"Basi nimempa mdogo wangu."

Mama mkwe ndiye aliyeuliza kwa nini. Mke wangu alisema kule chini ni mbali, miguu inamuuma. Ilikuwa miguu inayopandisha mzigo wa kuni kutoka tambarare bila kutua. Kisha mama mkwe akasema, si kwa kuku wala kwa mtu, "Haya. Kama miguu inauma."

Mimi nilibaki nyuma ya ukuta. Ardhi ilikuwa yao. Mume hana neno katika ardhi ya ukoo wa mkewe, ana mikono tu.

Na mikono ilitakiwa. Masika yalipoanza nilishuka bondeni kumsaidia mwanyumba wangu kupanda, kama ilivyompasa mkwe kumsaidia mkwe mwenziwe. Sikujua kama mke wangu alikuwa amemwambia mdogo wake chochote. Shemeji aliniandalia uji kama siku zote, akauliza hali ya watoto. Mwanyumba aliimba. Alichimba mashimo yasiyolingana, moja hapa, jingine kule, na mimi nikafuata nyuma nikitia miche na kushindilia udongo. Tulipofika ukingoni mwa kijito aliegemea jembe, akanionyesha mstari wa mwisho, ule ulio karibu kabisa na maji.

"Mkubwa, huu panda wa kwako."

"Bonde ni lenu."

"Watoto watatu wana matumbo matatu, bwana. Panda, usinitie aibu."

Nilitaka kukataa. Nilifikiria sentensi ya kukataa na nikaiona iko tayari mdomoni. Halafu nikainama nikapanda. Nilipima nafasi kwa kijiti, hatua kwa hatua, miche kumi na minane, yote kwa kina kimoja. Yeye alirudi kumalizia mashimo yake ya ovyo, akiimba.

Yalipochipua nilikuwa nashuka kuyatazama kila asubuhi kabla watu hawajaamka. Mwezi wa pili ya kwake yalikuwa na majani manne, ya kwangu matatu. Udongo ulikuwa mmoja, maji yale yale, siku ya kupanda ile ile. Nilihesabu upya kutoka upande wa pili.